Mwenzako Akiumia Kichwa, Ahadi ya Ndoa Inabebwa na Nani?



Siku ile mlipopeana mikono mbele ya Padre, mliahidiana uaminifu wakati wa raha na wakati wa taabu, mkiwa wazima na mkiwa wagonjwa. Wengi wetu tulipotamka habari ya ugonjwa tulifikiria malaria, au uzee, au pengine mguu kuvunjika. Hatukufikiria kwamba mtu anaweza kutoka hospitali akitembea kwa miguu yake, anakula, anacheka, kovu limefunikwa na nywele, watu wanampa mkono na kusema Mungu ni mkubwa. Na bado usiku mke wake analia kimya kimya, kwa sababu aliyerudi nyumbani si yule aliyetoka asubuhi ile.

Ninazungumza juu ya mtu aliyeumia ubongo. Hapa kwetu Garissa hatuhitaji kwenda mbali kumtafuta. Pikipiki ndizo miguu yetu. Kutoka mjini kuvuka daraja la Tana hadi Madogo, kutoka sokoni hadi hospitali, jua likiwaka, utaona watu wawili na hata watatu juu ya bodaboda moja bila helmeti. Katika miaka ya karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na hao angalau huhesabiwa. Aliyegonga kichwa akabaki hai hahesabiwi na gazeti lolote. Kuna pia fundi aliyeanguka kutoka juu ya nyumba aliyokuwa akiijenga, askari ambaye gari lake lilikanyaga bomu njiani, mama aliyerushwa kutoka juu ya lori. Wote hao wana wake na waume.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe, maana nyumba nyingi huumizwa na kutojua kuliko na ajali. Ubongo ni laini, nao umefungwa ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kikigonga lami, ubongo hutikisika na kujigonga kwenye mfupa. Unaweza kuvuja damu, unaweza kuvimba. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayomfanya mtu azuie ulimi wake, apange siku yake, aanze kazi bila kusukumwa, ahisi kwamba mwenzake ameumia moyo. Sehemu hiyo ikijeruhiwa, mkono na mguu vinaweza kuwa vizima kabisa, lakini mtu hubadilika. Anaikumbuka harusi yenu na rangi ya keki, lakini hakumbuki ulichomwambia saa mbili asubuhi. Anawaka kama moto wa makuti kwa sababu ya chumvi. Analala mpaka saa sita mchana, nawe unadhani ni uvivu, kumbe kile kinachomfanya mtu ainuke na kuanza jambo ndicho kilichoumia. Kelele na mwanga mkali vinamtesa, na joto letu hili la nyuzi 35 na zaidi linamchosha mara mbili kuliko wewe. Wengine hupata kifafa miezi mingi, hata miaka, baada ya ajali.

Watu wasioelewa humpa majina. Amelogwa. Ana majini. Anakula miraa kwa siri. Amekuwa na kiburi tangu alipopona. Majina haya nimeyasikia hata baada ya sala ya Jumuiya, yakisemwa na watu waliotoka tu kushika rozari.

Madaktari wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1848 huko Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipigwa na nondo la chuma lililoingia chini ya jicho na kutokea juu ya fuvu. Hakufa, aliishi hadi mwaka 1860. Lakini daktari wake aliandika kwamba rafiki zake walimwona kuwa mtu mwingine, mwenye matusi na asiye na subira, na waajiri wake hawakumrudisha katika kazi yake. Wengi husimulia habari hii na kuishia hapo. Husahau kwamba baadaye mtu huyo alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka saba hivi: kazi ile ile, njia ile ile, kila siku. Wapo wataalamu wa leo wanaoona kwamba utaratibu huo ndio uliomsaidia kusimama tena. Nami nakuomba, mama, ulishike neno hilo la utaratibu, maana tutalirudia.

Sasa lile swali ambalo wake huuliza kwa sauti ya chini, wakiwa wamebaki peke yao baada ya mafundisho: "Mwalimu, huyu bado ni mume wangu?" Waume nao huuliza, ingawa wao kwa kawaida huuliza baada ya kuwa wameshaanza kutazama kando.

Jibu la Kanisa ni ndiyo. Ndoa hufungwa kwa ridhaa ya wawili, na ridhaa hiyo hutazamwa jinsi ilivyokuwa siku ile ilipotolewa. Kama siku ya arusi mlikuwa na akili timamu na uhuru, basi jeraha lililotokea miaka 10 baadaye haliivunji ndoa wala haliwezi kuibatilisha kwa kurudi nyuma. Asikudanganye mtu kwamba "amebadilika, kwa hiyo umekuwa huru". Mbele ya Mungu yeye ni yule yule uliyempa mkono, hata kama leo hakumbuki siku ya kuzaliwa ya mtoto wenu.

Lakini katekista anayejibu hivyo na kwenda zake amemfunga mwenzake jiwe shingoni. Ni kweli kwamba ahadi ile uliitoa wewe. Je, Kanisa lilisema kwamba utaibeba peke yako?

Fungueni Kitabu cha Tobiti, mlango wa pili. Ni kitabu tunachokisoma kwenye misa za ndoa kwa ajili ya sala ya Tobia na Sara, na mara nyingi tunairuka ndoa nyingine iliyomo, ile ya wazazi wazee. Tobiti alikuwa mtu mwema, mwenye kuzika maiti na kulisha maskini, kisha akapofuka macho. Ndugu yake Ahikari alimtunza kwa miaka miwili, halafu akahamia nchi nyingine. Hapo mke wake Ana akaanza kufuma nguo kwa ujira ili nyumba ile ile iendelee kula. Siku moja waliompa kazi walimwongezea mwana-mbuzi juu ya mshahara wake. Tobiti akasikia mbuzi akilia uani, naye asiyeona akaamini kwamba mkewe ameiba. Ana akaapa kwamba amepewa, mzee hakusadiki. Ndipo mama huyo aliyechoka akamjibu maneno makali, akimuuliza wema wake wote umemfaidi nini (Tob 2:10-14). Yule mzee akaenda kuomba afe.

Nani hapa alikuwa mbaya? Hakuna. Mume alikuwa mgonjwa, na ugonjwa ulimfanya awe na shuku. Mke alikuwa mwaminifu, na uchovu ulimfanya awe na ulimi. Lakini tazameni wakati ugomvi huo ulipotokea: ni baada ya Ahikari kuondoka. Alipokuwapo wa kushika upande wa pili, hatusikii habari ya ugomvi. Alipoondoka, nyumba ya watakatifu wawili iligombana kwa ajili ya mbuzi mmoja.

Wengi wetu tuna akina Ahikari wa miezi miwili, si wa miaka miwili. Ajali inapotokea, watu hujaa. Tunachanga nauli ya ambulansi, tunapiga simu, tunamfuata mgonjwa mpaka Nairobi, kilomita 370 hivi, tunalala kwenye viti vya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Harambee inafanywa, Misa inasomwa. Halafu anarudi nyumbani, tunaimba wimbo wa shukrani, na kila mtu anarudi kwenye biashara yake. Ugonjwa wenyewe ndiyo kwanza unaanza. Nafuu ya jeraha la ubongo huja upesi zaidi katika miezi sita ya kwanza, kisha huja polepole, lakini huendelea kwa miaka. Kwa hiyo msaada wa wiki sita hauutoshi ugonjwa wa miaka.

Injili inatuonyesha njia iliyo bora. Yule mwenye kupooza kule Kapernaumu alichukuliwa na watu wanne (Mk 2:1-12). Marko hatuambii kama alikuwa na mke, wala hasemi majina ya wale wanne. Anatuambia tu kwamba mlango ulikuwa umejaa watu, wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha. Na Bwana alipoangalia, aliiona imani yao wao, waliokuwa wameshika pembe za mkeka. Mkeka una pembe nne. Mtu mmoja akiuvuta peke yake, mgonjwa anaburutwa chini, na anayevuta anaanguka.

Hapa Garissa pembe hizo zina shida yake. Wakatoliki wengi wa mji huu tumetoka mbali: Kitui, Mwingi, Meru, Murang'a, tukaja kwa ualimu, upolisi, uuguzi, ujenzi na biashara. Mama yako mzazi yuko mbali, shemeji zako wako mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Tena sisi wenyewe tumepungua. Baada ya makanisa kushambuliwa tarehe 1 Julai 2012, na hasa baada ya Alhamisi Kuu ya tarehe 2 Aprili 2015 pale Chuo Kikuu, walipouawa watu 148, wengi walifunga virago wakarudi kwao, nasi hatuwezi kuwalaumu. Waliobaki hujuana kwa majina. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipochagua njia ya Jumuiya Ndogo Ndogo katika miaka ya 1970, na Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ilipoliita Kanisa Familia ya Mungu, wengine walidhani ni maneno ya mikutano. Kwetu ni jambo la lazima. Usipokuwa na Jumuiya hapa, huna shangazi.

Basi, mkeka ushikwe namna gani?

Kwanza kabisa mke, au mume mwenye afya, akubali kushikiwa. Wapo wanaofunga mlango kwa aibu. Mama anaogopa kwamba mumewe atatukana wageni, au atatoka bila shati, kwa hiyo anawaambia wanajumuiya "amelala" kila Alhamisi, mpaka wanaacha kuja. Dada yangu, mwenyekiti wa Jumuiya na mkewe waambie ukweli wote siku moja, kaeni chini. Waambie: akitukana, si yeye, ni jeraha, msicheke, msijibu, badilisheni mazungumzo. Watu wakielezwa hustahimili mengi. Wasipoelezwa hujitungia habari zao.

Halafu wale wengine wasiseme "ukihitaji chochote utuambie". Neno hilo ni zuri na halina kazi. Mtu aliyechoka hana nguvu hata ya kufikiri anahitaji nini. Sema siku na saa. "Kila Jumamosi kuanzia saa tatu mpaka saa sita, mimi na mke wangu tutakaa na baba, wewe nenda sokoni, au ukalale kwetu." Saa tatu hizo kwa wiki zinaweza kuokoa ndoa. Bwana na bibi mmoja wachukue Jumamosi, wengine Jumatano jioni, mwingine mwenye tuktuk ampeleke kliniki siku ya tarehe yake. Katibu wa Jumuiya aandike, maana katika mambo haya kumbukumbu zetu nazo si nzuri sana. Na zamu hiyo ipangwe kwa mwaka, siyo kwa mwezi.

Akina baba wa CMA nawaambia ninyi peke yenu kwa dakika moja. Mnajua kumtembelea mgonjwa aliyelala. Mnasimama mlangoni, mnatoa bahasha, mnasali Baba Yetu. Lakini mwenzenu huyu hakulala. Anazunguka uani na hana wa kuzungumza naye ila mke na watoto, na mwanamume anayeamriwa na mke mchana kutwa, hata kwa upendo, moyo wake hunyauka. Mchukueni. Mgeni siku mbili, walisema wazee, siku ya tatu mpe jembe. Na mgonjwa vivyo hivyo. Kama alikuwa fundi, mpeni kunyoosha misumari mahali penye kivuli. Kama alikuwa mwalimu, mpeni kupanga vitabu vya nyimbo kabla ya Misa. Kazi moja kwa wakati mmoja, saa ile ile, siku zile zile, na aachwe apumzike kabla hajachoka. Msimpandishe juu ya ngazi wala msimpe pikipiki aendeshe, na kama ana kifafa msimwache peke yake karibu na moto wala ukingoni mwa Tana. Tena msimnunulie pombe kwa kumhurumia. Pombe kwa ubongo uliojeruhiwa ni sumu, na huamsha kifafa.

Juu ya sala nina neno moja. Kusali pamoja naye ni vyema. Kumzunguka watu 20 na kupiga kelele juu ya kichwa chake ili pepo atoke si vyema, kunamuumiza, na akipiga ukelele kwa maumivu mtasema ni pepo. Wala mtu yeyote asimwambie aache vidonge vya kifafa kwa kuwa ameombewa. Vidonge hivyo vikikatizwa ghafla vinaweza kuleta kifafa kisichokoma, na watu wamekufa kwa namna hiyo. Mwiteni Padre ampake Mafuta ya Wagonjwa. Sakramenti hiyo si ya wanaokata roho tu, na inaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Kama Misa ya Jumapili yenye vipaza sauti na ngoma inamshinda, aje ile ya asubuhi siku ya juma, akae karibu na mlango. Tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani ambayo Papa Yohane Paulo II aliianzisha mwaka 1992, awekwe naye miongoni mwa wagonjwa hata kama anaonekana mzima.

Pembe nyingine ya mkeka inaweza kushikwa na asiye wa dini yetu, nanyi mnalijua hilo kwa kuishi hapa. Jirani zetu Wasomali, mmoja wao akiumia, ukoo unakusanyika na mchango unapatikana kabla jua halijatua. Jirani wa namna hiyo akikuletea chai ya maziwa na kukaa na mumeo barazani, mkaribishe. Tarehe 21 Desemba 2015, basi liliposhambuliwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika kisa hicho, akafa mwezi uliofuata. Watu waliokubali kufa pamoja nasi hawatashindwa kukaa na mgonjwa wetu saa moja.

Sasa nirudi ndani ya nyumba, mahali ambapo Jumuiya haiingii.

Weka utaratibu, mama. Kuamka, kuoga, chai, dawa, matembezi kabla jua halijapanda, kupumzika, chakula. Kila siku vivyo hivyo. Nunua daftari la mazoezi, andika ndani yake tarehe, nani atakuja, dawa zimemezwa au bado. Likae mahali pamoja tu, juu ya meza. Mwambie jambo moja, ngoja, halafu jingine. Mambo mazito kama karo na kodi ya nyumba yazungumzwe asubuhi akiwa hajachoka, kamwe si usiku. Akianza kuwaka, usishindane naye kwa hoja. Toka kidogo, rudi baada ya dakika 10, huenda amesahau. Utaumia kwamba yeye amesahau na wewe hukusahau. Huo ni msalaba wa kweli, wala siutii asali.

Angalia pia simu yake. Mtu aliyeumia sehemu ile ya ubongo humwamini kila mtu, na walaghai wananusa. Atatoa namba ya siri ya M-Pesa, atakopa kwenye simu, atatia sahihi karatasi ya shamba kule nyumbani. Mkubaliane, ikiwezekana mbele ya mzee mnayemheshimu wote wawili, kwamba fedha za nyumba zitapita mkononi mwako kwa sasa, naye apewe kiasi chake mfukoni. Mwanamume asiye na hata shilingi 50 mfukoni atagombana na wewe kila siku, na atakuwa na haki kidogo.

Unyumba je? Watu huona haya kuuliza, nami sitaona haya kujibu. Wengine baada ya jeraha hawataki kabisa. Wengine wanataka wakati wote bila kujali mwenzake anajisikiaje. Yote mawili yanatokana na jeraha, wala si ushahidi kwamba kuna mwanamke mwingine au kwamba amekuwa mnyama. Mwambieni daktari, maana hata dawa nyingine zina sehemu yake. Na mwenye afya anayo haki ya kukataa kulazimishwa. Tendo la ndoa ni zawadi ya wawili, na penye hofu zawadi haipo.

Na akipiga? Nitasema wazi, kwa sababu mama mmoja akiumizwa kwa kuwa aliambiwa avumilie, aliyemwambia atajibu mbele ya Mungu. Jeraha linaeleza ni kwa nini anapiga, lakini halikulazimishi kupigwa. Sheria ya Kanisa, Kanuni ya 1153, inasema kwamba mmoja akileta hatari kubwa ya roho au ya mwili kwa mwenzake au kwa watoto, mwenzake ana sababu halali ya kuondoka kwa idhini ya Askofu. Na kama kukawia kuna hatari, anaweza kuondoka kwanza kwa uamuzi wake. Ndoa inabaki, na hatari ikiisha wanatakiwa kurudiana. Kwa hiyo ujue mapema, kabla ya siku mbaya, ni mlango wa nani utabisha na watoto usiku. Jumuiya iujue mlango huo. Na wewe unayeondoka usiku huo hujamwacha mumeo. Wanaume wawili waje walale naye mpaka asubuhi, kisha apelekwe hospitali, maana hasira inayozidi ghafla yaweza kuwa dalili kwamba ndani ya kichwa kuna jambo jipya.

Waume, msidhani nimewasahau. Mara nyingi mume akiumia, mke hukaa. Mke akiumia, baada ya mwaka ndugu wa mume huanza kusema kwamba kijana wao hawezi kuishi hivi, na wanamtafutia "msaidizi". Huyo msaidizi ana jina lake katika Amri ya Sita. Mpikie mkeo, msuke nywele ukijifunza, mpeleke kliniki. Na ndugu wanaotaka kumrudisha mgonjwa kwao Kitui au Meru wasikilizwe kwa heshima, huenda wanatoa msaada wa kweli na hali ya hewa ya huko ni baridi. Lakini kumrudisha kwao kama mzigo wa gunia, bila mwenzake kukubali, hapana.

Mambo ya serikali nitayapita upesi. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, kwa hiyo hakikisheni michango ya nyumba yenu haijakatika. Omba hospitali ya serikali impime ili aandikishwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu; ulemavu usioonekana nao ni ulemavu. Aliyeumia kazini aripoti kwa mwajiri upesi, kwa kuwa sheria ya fidia ya mwaka 2007 ina muda wake, na mwaka ukipita haki yaweza kupotea. Barua hizi zote ni kazi nzuri ya kumpa mwanajumuiya anayejua ofisi, ili mke asipoteze siku tano kwenye foleni.

Nimewaacha watoto mwisho, nao ndio hukaa pembeni wakisikiliza kila neno. Mtoto ambaye baba yake alikuwa akimbeba mabegani, na leo anamfokea kwa kuangusha kijiko, anajiambia moyoni kwamba amefanya kosa kubwa. Mweleze kwa maneno ya umri wake: kichwa cha baba kiliumia ndani, mahali panapotunza subira na kumbukumbu; hakukuchukia; akifoka, nenda kwa jirani, kisha urudi. Usimfanye mlinzi wa baba yake wala usimwondoe shule. Lakini mpe sehemu ndogo anayoiweza, asije akajiona mgeni katika nyumba yao. Mtoto wa Gredi ya Nne anaweza kukaa na baba yake kila asubuhi kabla ya shule, akafungua lile daftari lililo juu ya meza, akamsomea kwa sauti leo ni siku gani, dawa gani bado, na ni nani atakayekuja kukaa naye jioni.